Vichwa Vitatu vya Kumpelekea Mama Mkwe Uji

Mtaani kwetu hapa Busia, upande wa Kenya, kuna watu wanaosema nilijenga reli uani kwa sababu kazi ya usiku iliniharibu akili. Waache waseme. Jirani mmoja alisimama getini, akatazama kikombe cha uji kikipita juu ya behewa, akasema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, akaenda zake. Huyo naye namwacha. Ukweli ni kwamba nilijenga reli kwa sababu mama mkwe wangu alivunjika nyonga, na mimi ndiye niliyekuwa nyumbani mchana wa kumpa uji, na mimi ndiye mtu nisiyeruhusiwa kumpa.

Kwao ni Mukuju, ng'ambo ya mpaka, wilaya ya Tororo. Aliteleza akitoka kuchota maji, akaangukia ubavu. Hospitali wakamtia chuma kwenye mfupa, wakataka akae karibu ili wamwangalie mara kwa mara. Mumewe alishafariki, watoto wake wengine wako mbali, kwa hiyo ikawa sisi. Mke wangu alilia akimbembeleza aje. Alikubali kwa sharti moja: halali chini ya paa la mkwe.

Na mimi sikumlaumu hata kidogo. Sisi Wasamia na wao Wapadhola tunabishana juu ya mambo mengi, hata juu ya nani anajua kupika kuku, lakini likija suala la mkwe tunasema lugha moja. Mama wa mke wako humtazami usoni. Humpi mkono. Hukai anapolala, huli mbele yake, naye hali mbele yako. Ukimgusa, hata kwa bahati mbaya, wazee wanakuuliza mbuzi wa faini yuko wapi. Vijana wa leo wanapiga picha na mama wakwe zao wakiwa wamekumbatiana. Mimi nikiziona kwenye simu natamani kuingia chini ya meza. Mama mkwe wangu ni mlokole, ndiyo, ni mama wa kanisa na nyimbo zote anazijua, lakini katika hili hakuwa na mchezo, wala mimi.

Tulikuwa na kijumba cha chumba kimoja uani, upande wa juu ambako ardhi inapanda. Tukakipaka rangi, tukatia kitanda, tukatundika pazia zito mlangoni. Siku alipoletwa nilikwenda kujificha kwa fundi wa viatu mpaka aingizwe. Jioni mke wangu akaniletea ujumbe wake: "Mama anasema asante. Na anasema atapona, atembee kwa miguu yake, arudi kwake. Anaomba Mungu asimuue kwa mkwe."

Hilo la mwisho si la kuchekwa. Mama mkwe kufia kwenye boma la mkwe wake ni aibu ambayo hakuna upande unaoitaka. Nani atamwosha? Nani atambeba? Aliogopa hilo kuliko alivyoogopa maumivu, na kila alipoamka alilisema tena. Kutembea kwake hakukuwa suala la mazoezi. Ilikuwa ni ama atembee arudi Mukuju, ama alale hapo akingoja aibu imfikie.

Sasa shida. Kazi yangu ni kuondoa malori mpakani. Dereva anafika na mzigo, mimi nahangaika na makaratasi yake ya forodha mpaka apite. Malori hayana usiku, kwa hiyo naondoka jioni na kurudi asubuhi. Mke wangu anauza vitenge Tororo, yeye anavuka asubuhi na kurudi jioni. Tunapishana mlangoni kama walinzi wa benki. Watoto wako shule za bweni. Mchana wote, bomani tulikuwa wawili: mimi nikikoroma nyumba kubwa, na Mama kule juu akingoja uji, maana dawa zake za mchana hazimezwi tumbo likiwa tupu.

Tuliajiri msichana wa kumsaidia. Mama akamfukuza. Akasema uji wake ni kama maji ya kuoshea sufuria, na kwamba anachungulia. Tukaajiri wa pili, mwenye adabu kabisa. Huyo akafukuzwa kwa sababu anaimba. Mke wangu akaniambia, "Basi weka kikombe verandani kwake, kohoa, kisha ukimbie." Niliweka, nikakohoa, nikakimbia. Lakini wakati huo Mama hakuweza hata kushuka kitandani peke yake. Baada ya muda simu yangu ikalia. Ilikuwa mke wangu, kutoka Tororo: "Mama amenipigia. Anasema uji anausikia harufu lakini haufikii." Yaani mtu aliye hatua chache kutoka kwangu alimpigia mwanawe aliye nchi nyingine, ndipo mwanawe anipigie mimi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukizungumza.

Ndipo nikakumbuka treni zangu.

Nieleze hapa kabla hujacheka. Napenda treni tangu utotoni, tangu baba aliponipeleka Malaba kuona ya mizigo ikipita na ardhi ikitetemeka chini ya viatu vyangu. Ukubwani, kwenye soko la mitumba hapa Busia, kuna mama anayefungua marobota ya vitu vya watoto vya Ulaya. Siku moja akaniita: "Mzee, hii ni nini?" Kilikuwa kichwa cha treni cha kuchezea, lakini si vile vidogo vya mfukoni. Hivi ni vikubwa, vya kuendeshwa nje bustanini. Behewa lake linabeba sahani bila taabu. Tangu hapo aliniwekea kila alichokipata. Nilikuwa na vichwa vitatu, chekundu, cha kijani na cheusi, mabehewa kadhaa, na reli gunia zima. Mke wangu aliviita "watoto wako wa kambo". Vilikaa kwenye maboksi chini ya kitanda.

Nikatoboa wavu wa dirisha la jikoni. Nikapigilia reli juu ya mbao, mbao nikaziweka juu ya matofali: kutoka dirishani, tambarare mpaka kwenye tangi la maji, hapo njia inalizunguka tangi na kuanza kupanda mpaka veranda ya Mama, halafu ubao mmoja uliosimama kidogo, unapita chini ya pazia hadi kando ya kitanda chake. Umeme nikautoa kwenye betri kuukuu ya gari, pamoja na kidude cha kuongeza na kupunguza mwendo. Mke wangu alimweleza mama yake mpango huo. Jibu likarudi: "Mwambie mkwe, kama ni treni, isichelewe kama ile ya Tororo."

Kwanza niliweka kichwa kimoja, chekundu. Kilikwenda vizuri kwenye tambarare, kikalizunguka tangi, kikaugusa mlima na kuanza kusaga magurudumu palepale. Kinazunguka, kinalia, hakiendi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nikakirudisha, nikaunga na cha kijani mbele, viwili vivute kwa pamoja. Nguvu ikapatikana, lakini loo! Vilipofika kwenye kona ya tangi vile vichwa vilivuta kwa tamaa, kile kibehewa cha katikati, chepesi, kikavutwa ndani ya kona kikaanguka. Uji wote chini. Simu ikalia. "Mama anauliza hiyo kelele ni ajali?"

Nikajaribu siku nyingine, tena ajali. Nikapunguza mwendo, treni haipandi. Nikaongeza, inaanguka. Nilikasirika nikapiga teke tangi la maji, nikaumia kidole, na jioni nikaenda kazini nikichechemea, kana kwamba nyonga iliyovunjika ni yangu.

Ni hapo kazini, nikingoja muhuri wa lori moja la saruji, ndipo nilipoona. Kila mtu wa Busia anawajua wale walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu, wanaozungusha pedali kwa mikono na kuvusha mizigo mpakani, mpaka baiskeli haionekani kwa magunia. Nimewaona maisha yangu yote. Mwenyewe anakaa mbele, anaongoza na kuvuta. Vijana wake wako nyuma, wanasukuma. Hakuna hata mmoja anayewafunga vijana wote mbele kwa kamba. Nikamwambia dereva wa saruji, "Kumbe ndiyo hivyo!" Akafikiri karatasi zake zimekubaliwa, akaanza kuwasha gari.

Asubuhi sikulala. Chekundu mbele, cha kijani nyuma. Cha kijani kina haraka. Nikikiweka nyuma kinasukuma mabehewa mpaka yanapandana. Nikabadilisha: chenye haraka mbele, kizito nyuma. Vikazunguka tangi bila fujo, vikapanda mpaka verandani, na pale kwenye ubao wa mwisho vikakwama. Nikaongeza cheusi: viwili mbele, kimoja nyuma. Nikashika kidude changu, nikakipeleka polepole, kijasho kikinitoka. Treni ikapanda ubao, ikainua pazia kwa pua, ikapotea ndani.

Nilisubiri. Simu haikulia. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nimwoe binti yake: mama mkwe wangu akicheka. Alicheka mpaka akakohoa. Jamani, nilifurahi! Nilicheza peke yangu jikoni, mzee mzima nimevaa bukta.

Basi tukaanza maisha ya treni. Mchana naamka, napasha uji wa wimbi, naufunika kwa sahani, naweka na viazi vitamu na simsim ya kusaga, navipeleka. Nikisikia kikombe kimegonga sahani najua amemaliza, nageuza umeme, treni inarudi kinyumenyume. Na haikurudi bure. Mara ya kwanza ilirudi na karanga alizobambua, zimefungwa kwenye kitambaa. Halafu akatuma ujumbe kwa binti yake kwamba mkwe atume lile shati lake lisilo na kifungo, lilionekana likianikwa. Nikalipandisha behewani, likarudi na kifungo. Akafuma kitambaa cheupe chenye maua pembeni, akakipima vizuri kikatosha behewa, nikakitandika. Hatukuwa tumetazamana hata siku moja, na mimi nilikuwa nampenda yule mama kama mama yangu aliyenizaa. Nasema wazi.

Halafu siku ya kliniki ikafika. Mke wangu alimpeleka kwa teksi. Daktari wa viungo, kijana mpole, akamwinua mguu, akauminya, akauliza mbona umelegea hivi. Mfupa umeunga, chuma kiko sawa, lakini misuli imelala. Akamuuliza, "Mama, chakula cha mchana unaletewa na nani?"

Mama akajibu kwa fahari, "Na treni."

Daktari akamtazama mke wangu kwa huruma, akaanza kuandika kitu kuhusu akili. Mke wangu ikabidi aeleze yote, tangu mila mpaka matofali. Kijana alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena hakuwa anacheka. Akasema mgonjwa huyu asipoanza kutembea sasa, hatatembea tena, atabaki wa kubebwa. Akasema mwambie mzee wa treni apunguze nguvu, mama ainuke aifuate.

Mke wangu aliponiambia nilikwenda kuitazama reli. Yaani nilichokijenga ili akae apone ndicho kilichokuwa kinamlaza! Lakini hesabu yenyewe ilikuwa wazi, tena niliijua kuliko mtu yeyote. Vichwa vitatu vinafika kitandani. Viwili vinaishia verandani. Kimoja kinaishia kwenye tangi. Kuchagua idadi ya vichwa sasa kulikuwa ni kuchagua Mama atembee wapi.

Nikatoa cheusi. Viwili vikafika verandani, vikasimama. Simu: "Mama anasema treni imekwama." Nikamwambia mke wangu amjibu kwamba mlima umekuwa mkali. Baadaye nikasikia mguno, mkongojo, tena mguno. Pazia likasogea. Nikageuka upesi nitazame jiko. Alikunywa uji wake amekaa kwenye kizingiti. Siku zilizofuata alikuja hivyohivyo, akinung'unika kwa Kidhopadhola maneno ambayo nashukuru siyaelewi yote. Lakini alikuja, akiwa ameushika ukuta, na ukuta ulimfikisha.

Nikatoa cha kijani.

Kile chekundu kikafika kwenye tangi peke yake, kikasimama. Kutoka veranda mpaka tangi hakuna ukuta. Ni uwanja mtupu na mteremko. Nikangoja. Pazia halikusogea. Uji ukapoa. Nikaurudisha, nikaupasha, nikautuma tena mpaka kwenye tangi. Hakuna mtu. Dawa hakumeza. Kesho yake vilevile.

Simu ikalia. Mke wangu alikuwa analia. "Mama anasema umemchoka. Anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye jembe hawezi kulishika. Anataka Jumamosi nitafute gari abebwe kwake. Baba watoto, weka vichwa vyote. Tafadhali. Weka vyote leo."

Kubebwa kwake. Nilijua maana yake. Angeingizwa kwake Mukuju kama gunia, akalazwa, na hapo ndipo angebaki. Nilikuwa nimesimama dirishani, cha kijani mkono mmoja, cheusi mkono mwingine. Ilikuwa kazi ya dakika moja kuviunga. Ningemsikia akicheka tena. Na nilitaka kumsikia, Mungu ndiye anajua nilivyotaka.

Nikaviweka chini kwenye ukingo wa dirisha. Nikageuza uso kuelekea ukutani, nikapaza sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha.

"Mama! Shikamoo. Kichwa kimeishiwa nguvu, kimeishia kwenye tangi."

Akajibu kuku wa jirani tu. Halafu sauti yake ikatoka nyuma ya pazia, kwa kile Kiswahili chake cha ng'ambo: "Mkwe. Wewe ni Mkristo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na unadanganya hivyo mchana? Ile ingine mbili si hiyo kwa dirisha? Mimi mguu ndiyo mbovu. Macho iko sawa."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. "Samahani, Mama. Daktari alisema..."

"Daktari alisema kwa sikio yangu. Mimi najua."

"Sasa, Mama, kama unajua, mbona hutoki?"

Sauti yake ikashuka, nikalazimika kusogea karibu na wavu. "Hapo kati hakuna kushika. Nikianguka, nani inainua mimi? Mtoto yangu iko Tororo. Hapa iko wewe tu."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja! Nilidhani ni maumivu, nilidhani ni kiburi, nilidhani ni uzee. Kumbe mama wa watu aliuangalia ule uwanja kila siku na kuona kitu kimoja tu: yeye chini, nguo zimepanda, na mkwe wake amesimama dirishani hajui afanye nini.

"Nitakuinua mimi, Mama," nikasema.

"Utanigusa?"

"Nitakugusa. Kwa mikono yote miwili. Halafu nitatoa mbuzi."

"Hiyo ni mbuzi ya mdomo."

"Ni mbuzi wa kamba, Mama. Nipe nafasi."

Nilivaa suruali, nikaenda mnadani, nikarudi na boda boda, mbuzi tumempakata katikati yetu, anapiga kelele njia nzima kama tunamteka. Alikuwa dume mweusi, mnene. Nikamfunga kwenye nguzo ya tangi, mahali pa kuonekana vizuri kutoka kwenye pazia. Nikarudi jikoni, nikageukia ukuta. "Mama, huyo hapo. Faini imelipwa kabla ya kosa. Sasa hata ukianguka kila siku hatuna deni."

Nikasikia, "Yesu wangu." Halafu kile kicheko.

Kesho yake nilipasha uji, nikaweka kichwa kimoja, chekundu, nikakituma. Pazia likafunguka. Safari hii sikugeuka. Nilijiambia, atakayeinua lazima aone. Niliangalia miguu yake tu, kandambili za bluu na ncha ya mkongojo. Akashuka veranda. Akaacha ukuta. Mkongojo, mguu mzuri, mguu mbovu. Anapumua kwa nguvu, anaomba kwa sauti. Alikuwa amevuka zaidi ya nusu, na mimi nilikuwa nauma ngumi, wakati mbuzi alipogundua harufu ya wimbi.

Alinyoosha shingo, akasukuma ile sahani kwa pua ikaanguka, akatia mdomo kwenye kikombe.

"Wee!" Mama akapiga kelele. "Wee shetani! Hiyo ni yangu!" Akasahau nyonga, akasahau mkongojo, akaharakisha amfukuze, na pale reli inapoanza kuzunguka tangi kandambili ikanasa kwenye ubao wangu. Akaenda chini.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka nimepiga magoti mchangani. Nikampitishia mikono kwapani, nikamvuta juu. Lo, alikuwa mwepesi! Mama yule aliyelima mashamba, aliyewabeba mgongoni watoto wote wale pamoja na mke wangu, alikuwa mwepesi kama mzigo wa nguo zilizokauka. Nilitaka kulia.

"Umeumia, Mama?"

"Usiniangalie."

"Siangalii."

"Unaangalia."

"Naangalia mbuzi, Mama."

Akaanza kutetemeka, nikaogopa, kumbe ni kicheko. Tulisimama hivyo, yeye ametazama nyumba yake, mimi nimetazama barabarani, nimemshika viwiko, wote tunacheka na kuona haya vibaya sana. Akajaribu mguu mbovu, ukakubali. Ni goti tu lililochubuka.

"Basi," akasema. "Niache."

Kumwachia kulikuwa kugumu kuliko kumwinua. Nikamwachia. Akaokota mkongojo, akaenda mpaka kwenye tangi mwenyewe, akampiga mbuzi kofi la pua, akamwaga kile kilichobaki kikombeni. Akanipa mgongo. "Mkwe, hiyo reli yako ndiyo iliangusha mimi. Siyo mguu. Kesho usiweke hata kichwa moja. Nakuja mwenyewe."

Mbuzi tulimchinja Jumamosi, maana deni ni deni. Mama alikula kijumbani kwake, mimi nikala kwangu.

Lakini reli niliing'oa palepale, mchana uleule alioanguka. Sifichi, iliniuma. Nilifuta mchanga kwenye magurudumu ya vile vichwa kimoja kimoja, nikavifunga magazetini, nikavirudisha kwenye maboksi. Uwanja ulibaki na mistari ya matofali tu.

Kesho yake nilimimina uji, nikaweka kikombe kwenye ukingo wa dirisha, upande wa nje. Nikaenda kusimama sebuleni, mgongo kwa jikoni. Kabla ya msimu wa kupanda karanga alirudi kwake Mukuju, akaingia nyumbani kwa miguu yake, lakini siku hiyo sikuwa na hakika ya jambo lolote. Nilisikiliza tu. Mkongojo kwenye saruji ya veranda. Kisha mchanga, na kwenye mchanga husikii kitu. Nilingoja nikiwa nimeshika kiti. Ukimya ule ulinitesa. Nilitamani kugeuka, sikugeuka.

Kikombe kikagonga ukingo. Akapuliza. Akanywa.

"Mkwe."

"Naam, Mama."

"Haina sukari."

Machozi yalikuwa yananitoka, na nikashukuru mila inayomfanya asiyaone. "Sukari iko kwenye kopo la kijani, Mama, kwenye rafu karibu na jiko. Mlango uko wazi. Ingia uchukue."

Akaingia, akachukua.